Folda ya Zamani Niliyoifuta Bila Kuifungua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka siwezi kuendelea kukaa. Nitasimama, nitaenda mlangoni, nitarudi. Hata sasa ninapokueleza haya nimeshainuka mara mbili, nikijidai naangalia maharage jikoni. Ni siku niliyosimama mbele ya wazee kumi na wawili katika ofisi ya kijiji, nikawaambia kwamba kitu walichonikabidhi kwa imani nimekifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mchana kweupe, huku nikijipongeza kwamba nafanya usafi.

Nivumilie nianze mbali kidogo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Tindiga. Ni nchi tambarare, mpunga na mahindi, na masika yakikolea pikipiki haipiti, unavua viatu. Nilikuwa mwepesi wa kila kitu. Mwepesi wa kutembea, wa kusema, wa kuahidi. Mama yangu alikuwa akisema mimi hata chai naimaliza nikiwa njiani kwenda kufanya jambo jingine. Nilidhani ananisifu.

Nilikuwa na kompyuta ya mezani. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa kompyuta pekee ya nyumbani katika kijiji kizima. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo tu, nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya njia ya mifugo.

Kijiji chetu kilikuwa na wakulima na wafugaji, na wengi walikuwa vyote viwili. Katikati ya mashamba ilipita njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Ilikuwa njia ya tangu zamani, lakini kila msimu jembe liliimega kidogo. Ng'ombe akitoka nje ya njia anakula mpunga wa mtu. Mpunga ukipandwa ndani ya njia, ng'ombe hana pa kupita. Msimu mmoja ugomvi ulifika mahali pabaya, kijana akakatwa panga mkononi, vidole viwili havikukunjika tena. Hapo mwenyekiti wa kijiji akaunda kamati: wakulima sita na wafugaji sita waitembee njia yote kwa miguu, wakubaliane inapopita, nami niandike na kupiga picha.

Tulitembea siku tatu. Wakulima waliongozwa na Mzee Saidi, mtu mpole aliyekuwa akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Wafugaji waliongozwa na Mzee Masanja, Msukuma mrefu, mwenye maneno machache, ambaye akishika fimbo yake kwa mikono miwili unajua anafikiri. Kila tulipofika kwenye alama, mkulima mmoja na mfugaji mmoja walisimama hapo pamoja, nami nikapiga picha. Baada ya picha nikarekodi sauti zao wakitaja majina yao na kusema, "Ni hapa, nimekubali."

Kilibaki kipande kimoja kigumu: kutoka mfereji wa shamba la zamani hadi mtoni. Hapo hapakuonekana alama yoyote. Wote, wakulima kwa wafugaji, wakasema anayejua ni Bibi Mwanaidi.

Bibi Mwanaidi alikuwa amevuka miaka themanini, miguu imevimba, hatoki uani. Alipokuwa msichana mdogo aliwachotea maji wanaume waliochimbia mawe ya mpaka wa njia, baba yake akiwa mmoja wao. Nilimfuata nyumbani kwake na kamera yangu ndogo iliyokuwa ikirekodi pia sauti. Alizungumza karibu saa nzima. Alitaja jiwe moja moja, akahesabu hatua kutoka kona ya mfereji, akaeleza lipi lilichimbiwa kina na lipi liliachwa juu juu kwa sababu wachimbaji walichoka. Nilimsikiliza kwa furaha kubwa, lakini sikuandika hata neno. Niandike ya nini? Kamera ilikuwa inasikia.

Nilipofika nyumbani niliingiza vyote kwenye kompyuta, picha na sauti, halafu nikaifuta kadi ya kamera ili nipate nafasi ya kupiga picha za mahafali ya darasa la saba. Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, vitolee nakala hivyo vitu. Kila upande upate yake."

"Wiki ijayo, mwenyekiti," nikamjibu.

Wiki ijayo ilipofika nikasema wiki ijayo. Baada ya miezi miwili Bibi Mwanaidi akafariki. Nilikwenda msibani, nikalia machozi ya kweli, na hata pale, mwanangu, hata pale kwenye mkeka, sikukumbuka kutoa nakala.

Basi kompyuta ikaanza kuwa nzito. Ukiiwasha unaweza kwenda kisimani na kurudi. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni Mikumi, akaniambia yuko fundi hodari karibu na wanapoegesha malori, anaitwa Shabani. Nikalifunga boksi la kompyuta kwenye kanga mbili, nikapanda pikipiki hadi Kilosa, na kutoka Kilosa basi hadi Mikumi, nimelipakata kama mtoto mgonjwa.

Shabani alikuwa kijana wa rika langu, mtulivu, meza yake ina skrubu zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa. Akasema mfumo umechakaa, unahitaji kuwekwa mpya. Mafundi wanaita kupiga windo. Nikazurura Mikumi siku nzima. Niliporudi jioni kompyuta ilikuwa inawaka kama imezaliwa upya. Basi la kurudi lilikuwa limeshaanza kupiga honi barabarani.

"Mwalimu, subiri nikwambie kitu," Shabani akasema. "Sikupenda kufuta diski yako bila kujua kuna nini. Kwa hiyo mfumo wa zamani, pamoja na vitu vyako vyote, vimejikusanya kwenye folda moja ya zamani. Ukifika nyumbani, ifungue kwanza, toa vitu vyako, ndiyo uifute. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, nimekuelewa," nikasema, mguu mmoja uko kwenye basi.

Sikumsikia, mwanangu. Masikio yalikuwa yanasikia honi. Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi sana tangu hapo, neno kwa neno, na naona jinsi alivyoieleza vizuri. Hakuacha kitu.

Zikapita siku kama kumi. Kompyuta ilikuwa nyepesi, nikafurahi, nikaanza kuchapa mitihani ya majaribio. Nililitazama lile dawati jeupe la kwenye kioo, halina picha wala faili, na sikujiuliza vitu vyangu viko wapi. Nilidhani vipo tu mahali fulani, kama unavyodhani chumvi ipo jikoni.

Halafu Jumamosi moja mchana, katikati ya kuchapa mtihani wa hisabati, ikatokea alama nyekundu: diski imejaa. Mfumo ulikuwa umejipakulia masasisho kwa modemu yangu, ukaacha mabaki yake kila mahali, sasa unataka nafasi zaidi. Mitihani ilitakiwa Jumatatu. Nikafungua diski kutafuta kitu kikubwa cha kutupa, nikaiona folda moja nene, jina lake ni la mfumo, na mwisho wake limebandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuukuu. Imekalia karibu nusu ya diski.

Nikasema, kuukuu la nini? Nikaibofya niifute. Ikanikatalia. Ikaniambia sina ruhusa.

Sijui kama unajua hasira ya kuambiwa huna ruhusa na kitu ulichokinunua mwenyewe. Kile kilikuwa kizuizi cha kwanza, kimewekwa kwa sababu. Mimi nikakichukulia kama tusi. Nikatafuta ile programu ya kusafisha diski inayokuja na mfumo wenyewe, nikaiendesha, ikaniletea orodha ndefu ya vitu vinavyoweza kufutwa, kila kimoja na kisanduku chake cha kuweka tiki. Mabaki ya masasisho. Faili za muda. Mfumo uliotangulia. Niliweka tiki kote, kutoka juu hadi chini, kama ninavyosahihisha daftari la mtoto anayepata zote. Ikaniuliza tena: ukifuta mfumo uliotangulia hutaweza kuurudia, una hakika? Nikabonyeza ndiyo.

Mume wangu, Festo, alikuwa anapita na ndoo. "Unafuta nini?" akauliza.

"Makapi."

"Una hakika ni makapi?"

"Festo, jamani! Kompyuta yenyewe inasema ni kuukuu."

Akaenda zake na ndoo. Mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho. Nusu ya diski ikawa wazi. Nilipiga makofi, mwanangu. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Wiki mbili baadaye Mzee Masanja na wenzake walipeleka ng'ombe mtoni, wakakuta kile kipande cha baada ya mfereji kimelimwa chote na kumwagiliwa. Aliyelima ni Idi, kijana aliyekodi shamba msimu huo, mwenye nguvu na mdomo. Akasimama na panga kwenye ukingo wa jaruba la mpunga akasema hapo hapajawahi kuwa na njia. Ng'ombe walikuwa na kiu ya siku mbili. Wakapita. Mpunga ukakanyagwa. Kufika adhuhuri kulikuwa na vijana wenye fimbo upande mmoja na vijana wenye mapanga upande wa pili, na katikati yao alisimama Mzee Saidi peke yake, mikono imeinuliwa, anahema.

Mwenyekiti akafanikiwa kuwatuliza kwa ahadi moja tu. "Ushahidi upo," aliwaambia. "Upo kwa mwalimu. Sauti ya marehemu Bibi Mwanaidi ipo. Keshokutwa wote mtaisikia."

Akaja shuleni kunipa habari. "Usikose, mwalimu. Sauti hiyo ndiyo inayowashika wasipigane."

Nilikimbia nyumbani. Nikawasha kompyuta. Nikafungua sehemu ya picha, tupu. Sehemu ya sauti, tupu. Nikaandika jina la Bibi kwenye kisanduku cha kutafutia, ikatafuta, ikaniambia haijaona kitu. Nikaandika "njia", nikaandika "kamati", nikaandika "mfereji". Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye vitufe. Na hapo ndipo sauti ya Shabani iliponifikia, siku ishirini na kitu baada ya kusemwa: ifungue kwanza, toa vitu vyako, ndiyo uifute.

Nilikaa chini sakafuni. Festo akaja akanikuta. Nikamwambia. Hakusema "nilikuuliza". Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alisema, "Tufunge boksi, uwahi basi la asubuhi."

Safari ile sikuiona. Sijui tulisimama wapi, sijui nani alikaa karibu nami. Nilikuwa napanga uongo. Nitawaambia umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, diski ikaungua. Kijijini kwetu umeme ulikuwa unaunguza redio na friji kila siku, nani angebisha? Nilipanga mpaka harufu ya kuungua. Kisha nawafikiria vijana wale wenye fimbo, napanga upya.

Shabani alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja. "Baada ya kufuta, umeendelea kuitumia?"

"Kila siku. Wiki mbili."

Akashusha pumzi. "Ukifuta, kitu hakiondoki papo hapo. Nafasi yake inahesabiwa wazi tu. Ungezima ukaniletea siku ileile, huenda ningevipata vingi. Lakini kila ulichoandika, kila sasisho lililoshuka, limekaa juu yake." Akaweka programu ya kufufua faili, ikaanza kuchimba. Ilichimba tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilitoka, nikaingia, nikatoka. Malori ya Iringa yalikuwa yanapita na mimi nayahesabu bila kujua nahesabu.

Alichopata ni hiki: picha za mbuzi wa jirani, picha nne za alama ambazo zimekatika nusu, mtu ana miguu hana kichwa, na sekunde chache za sauti ya Bibi Mwanaidi. Akabonyeza tuisikie. Sauti ya kuku, kiti kinasogezwa, halafu Bibi: "Hicho kidude kinanisikia kweli, mjukuu wangu?" Na mimi, kwa haraka yangu ileile, "Kinakusikia, Bibi, endelea." Kisha mkwaruzo. Basi.

Nililia mbele ya fundi. Shabani akanipa stuli, akageuka akajifanya anatafuta skrubu.

Siku ya pili yake ndiyo siku niliyokuambia. Ofisi ya kijiji ilijaa, na dirishani nyuso zimebanana. Nikawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, na wote wakalitazama boksi la kompyuta nililoliweka mezani. Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Nikamwangalia Mzee Saidi, aliyekuwa bado anahema tangu juzi, na nikashindwa kuutoa.

"Wazee wangu," nikasema, "sauti ya Bibi haipo. Picha hazipo. Hakuna kilichoungua wala kilichoibiwa. Nimezifuta mimi."

Kelele zilizofuata siwezi kukueleza. Mmoja wa wafugaji akasimama akasema, "Mwalimu ni mtoto wa wakulima. Mnadhani amefuta kwa bahati mbaya?" Mkulima mmoja naye akasema nimehongwa na wafugaji. Idi alikuwa amesimama mlangoni, akacheka. "Kwa hiyo ushahidi hakuna," akasema. "Na kama ushahidi hakuna, njia hakuna."

Mzee Masanja akagonga fimbo yake chini mara moja. Pakatulia.

"Binti yangu," aliniita, hakuniita mwalimu. "Ulifuta kwa kusudi?"

"Nilikusudia kufuta, mzee. Sikujua ni hizo."

"Ulifungua ukaangalia kilichomo?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia." Alilirudia polepole, kana kwamba anajifunza neno jipya. "Mimi nikitaka kutoa ng'ombe wa kuchinja, naingia zizini mwenyewe. Namshika pembe. Naangalia alama yake sikioni. Naangalia kama ana mimba. Hapo ndiyo nasema huyu. Wewe umesimama nje ya zizi, ukaambiwa humu mna ng'ombe wazee, ukasema chinja wote. Hata kama asingekuwemo wangu, binti yangu, je, wa kwako hawakuwemo?"

Picha zangu za harusi zilikuwemo.

"Ningekuwa nakuona mbaya," akaendelea, "ningeondoka na watu wangu sasa hivi, na unajua kesho ingekuwaje. Lakini mtu mbaya angesema imeungua. Kaa chini. Utueleze unachokumbuka, na usichokumbuka useme hukumbuki. Usituongezee hata hatua moja."

Ikaamuliwa kwamba kesho yake tutembee tena. Safari hii haikuwa kamati tu. Walikuja wote: Idi, vijana wa fimbo, vijana wa mapanga, kina mama. Alama za mwanzo hazikusumbua, wale wazee walikuwepo na walikumbuka waliposimama. Tulipofika kona ya mfereji, wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Mwanangu, sijawahi kuwa na kichwa kitupu kama siku ile. Nilifumba macho, nikajaribu kumrudisha Bibi kwenye kiti chake. Hatua arobaini kutoka kona, kuelekea kilima cha mchwa. Hiyo niliikumbuka, kwa sababu alicheka akisema hatua za baba yake zilikuwa ndefu. Binti yake Bibi, ambaye siku ya kurekodi alikuwa jikoni akiingia na kutoka, akasema naye alisikia arobaini. Tukahesabu, mtu mrefu akatembea, wakachimba. Jembe likalia. Jiwe. Watu walipiga kelele kama mvua imenyesha.

Jiwe la pili lilichukua hadi alasiri. Nilisema sikumbuki kama ni hatua sitini au sabini, wakachimba mtaro kati ya hizo mbili, Idi mwenyewe akachukua jembe baada ya kuona jiwe la kwanza kwa macho yake. Likapatikana.

La tatu, lililo karibu na mto, sikulikumbuka kabisa. Bibi alilitaja mwishoni, na mwishoni mimi nilikuwa tayari nafikiria kurudi nyumbani. Binti yake naye hakulisikia. Tulichimba siku mbili. Hatukulipata.

Watu wakakubaliana kwa nusu. Kutoka mfereji hadi jiwe la pili njia ikawa pana kama zamani, Idi akapoteza majaruba mawili na wafugaji wakamlipa mpunga uliokanyagwa. Lakini kutoka jiwe la pili hadi mtoni hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, njia ikabaki nyembamba, ng'ombe wanapita mmoja mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila kiangazi kuna mabishano pale, na kila nikisikia wamebishana, nainuka nilipokaa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Ila palikuwa na bibi aliyejua, akasema yote, nami nikayapoteza.

Baada ya hapo niliandika kila kitu kwa mkono, siku ileile, nikiwa bado na udongo miguuni. Nikachapa nakala nne. Mzee Saidi moja, Mzee Masanja moja, mwenyekiti moja, na moja ikapelekwa Kilosa wilayani. Nyingine kwenye flashi nikampa Festo aifungie kabatini. Mzee Masanja alipopokea yake aliikunja, akaiweka ndani ya kofia, akaniambia, "Sasa umeanza kuwa katibu."

Haya, nikuambie sasa kwa maneno ya wazi, maana najua nawe unayo kompyuta, na najua itajaa, kwa sababu zote hujaa.

Mabaki ya masasisho si adui. Ni haki yako kuyaondoa, na kompyuta itashukuru. Lakini yaondoe ukiwa umekaa. Kama mfumo umewekwa upya au umepandishwa toleo jipya, usiifute folda ya zamani siku hiyo wala wiki hiyo. Tumia kompyuta kwanza, ujue kama inafanya kazi, printa inachapa, sauti inatoka, kwa sababu folda hiyo ndiyo njia yako ya kurudi, na haidumu milele, mfumo wenyewe huweza kuifuta baada ya siku chache. Kwa hiyo usichelewe kuifungua. Ingia ndani, tafuta sehemu yenye majina ya watumiaji, tafuta jina lako, angalia kila chumba: nyaraka, picha, sauti, vilivyopakuliwa. Kilicho chako kitoe, kiweke kwenye flashi na mahali pengine pa pili. Kisha ifungue ile flashi, uhakikishe vinafunguka. Usiridhike na kuona majina tu.

Ukishafanya hivyo, tumia programu ya kusafisha iliyo ndani ya mfumo wenyewe. Usivizie folda za mfumo ukazifuta kwa mkono. Ikikukatalia, ujue kuna sababu, usiitafutie ubabe. Usikimbilie programu za kusafisha unazopigiwa kelele mtandaoni. Soma kila kisanduku kabla ya kuweka tiki, na usichokielewa kiache wazi; nafasi utakayoipata kwa mabaki ya masasisho pekee mara nyingi inatosha. Mahali pa vitu ulivyopakua usipawekee tiki bila kupaangalia, wengi wameumia hapo. Umeme wenu ukiwa wa kukatikakatika, subiri utulie, au chaji ijae, maana usafishaji ukikatizwa katikati unaweza kuleta ugonjwa mwingine. Ikimaliza, zima na kuwasha. Na kama umeshakosea, mwanangu, acha kila kitu. Usipakue, usichape, usiweke wimbo. Zima, mpelekee fundi siku hiyohiyo, na umwambie ukweli, asije akatafuta kusiko.

Na la mwisho, ambalo si la kompyuta peke yake. Mtu akikuachia kitu chake, sauti yake, karatasi yake, ushahidi wake, usikae nacho peke yako kama vile wewe hutakosea kamwe. Kigawe. Siku ukikosea, sema umekosea kabla hujaulizwa mara ya pili. Utatukanwa, utashukiwa, na watakaokutukana wana haki. Ila utapata nafasi ya kushika jembe pamoja nao na kuchimba.

Mungu akupe mkono usiotangulia macho. Akupe subira ya kufungua kabla ya kutupa, akujalie watu wa kukuuliza "una hakika?", nawe uwe na sikio la kuwasikia hata gari likipiga honi. Walio na jambo la kusema wakuone ukiwasikiliza hadi neno lao la mwisho. Nenda salama, mwanangu, na kazi ya mikono yako idumu.